Imebaki 4, imebaki 3, imebaki 1: hesabu ya Mariners kufuzu, na kama inafaa kushangilia

“Mwalimu, habari za siku. Mimi mtu wa Mombasa, naishi Kent, kusini ya Seattle. Besiboli sikuijua, mwanangu wa miaka 11 ndiye aliyeniingiza. Septemba 2025 wenzangu wa bohari walianza kuhesabu namba ya timu yetu ya Seattle, Mariners, kufuzu. Jumatatu mmoja ananiambia imebaki 4, mwingine anasema 3. Jumanne tukashinda mechi moja tu, Jumatano asubuhi wote wanasema imebaki 1. Tena Jumanne usiku walitangaza tumefuzu, Jumatano usiku wakatangaza tena! Nikaona wananichezea shere. Oktoba tukatolewa, mtoto akalia mpaka usingizi ukamchukua, na wazee wa kazini wakacheka: zoea, ndiyo timu yetu hii. Naomba unieleze hesabu inakwendaje, na kama kuna maana kushangilia kufuzu ilhali kombe hatulipati. Na je, nimnunulie mtoto tikiti za Oktoba mapema au nisubiri? Wapo pia wanaonishawishi tuweke dau kwenye simu.”

Ndugu yangu, hakuna aliyekuchezea shere. Wa 4 alikuwa sawa, wa 3 alikuwa sawa zaidi, na wale wa Jumatano asubuhi hawakukosea hata kidogo. Kinachokusumbua ni kwamba umekuja na macho ya mpira wa miguu, ambako timu inayoongoza ligi inahesabu pointi zake na kombe linakuja lenyewe. Huku msimu mzima wa mechi 162 unakupa ruhusa tu ya kuingia kwenye mtoano.

Timu ziko 30, zimegawanywa kwenye ligi mbili, na kila ligi ina kanda tatu za timu tano tano. Mariners wako kanda ya Magharibi ya American League pamoja na Houston, Texas, Angels na Athletics. Tangu 2022, kila ligi inapeleka timu 6 kwenye mtoano: mabingwa watatu wa kanda, na timu tatu nyingine zenye ushindi mwingi zaidi kati ya zilizobaki. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kuingilia, na kila mlango una namba yake. Jumanne ile, tarehe 23 Septemba, Mariners waliifunga Colorado 4-3, Josh Naylor akiwaingiza wenzake watatu kwa pigo moja katika awamu ya 8 (mechi ya kawaida ina awamu 9), na usiku huo wakawa na uhakika wa kuingia kwa mlango wowote. Jumatano waliifunga Colorado tena, 9-2, wakawa mabingwa wa kanda. Ndiyo maana ulisikia habari moja mara mbili. Zilikuwa habari mbili, na ile ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Nitakueleza kwa nini.

Sasa namba yenyewe. Jumatatu ile Mariners walikuwa wameshinda 87 na kupoteza 69. Houston, mpinzani wao wa karibu, walikuwa wameshinda 84 na kupoteza 72. Usiangalie Houston wameshinda ngapi, angalia wamepoteza ngapi, kwa sababu mechi iliyopotea hairudi. Timu iliyopoteza 72 kati ya 162, hata ikishinda zote zilizobaki, haiwezi kupita ushindi 90. Hiyo 90 ndiyo dari yao. Mariners wakifika 91, Houston hawawafikii tena. Kutoka 87 hadi 91 ni hatua 4. Huyo ndiye mwenzako wa kwanza.

Ila hatua hizo zinapigwa na watu wawili. Mariners wakishinda, wao wanapanda hatua moja. Houston wakipoteza, dari inashuka hatua moja. Vyovyote vile, pengo linapungua kwa moja, na yote mawili yakitokea usiku mmoja linapungua kwa mbili. Jumanne Mariners walishinda na Houston wakapoteza kwa Athletics. Ninyi mlikuwa mnatazama Seattle, na nusu ya kazi ilikuwa inafanywa na Athletics.

Na huyu wa 3 je? Yeye alikumbuka sheria ambayo wengi husahau. Zamani timu mbili zikilingana kileleni zilicheza mechi moja ya ziada, mshindi anapita. Kuanzia 2022 mechi hiyo imefutwa. Sasa wanaangalia kwanza nani kamfunga mwenzake mara nyingi zaidi msimu huo. Mariners walikuwa wameifunga Houston mechi 8 kati ya 13, baada ya kwenda kwao na kuwafagia zote tatu wikendi iliyotangulia. Kulingana kwao kungekuwa ushindi wao. Hawakuhitaji 91, 90 tu ziliwatosha. Kutoka 87 hadi 90 ni hatua 3. Jumanne zikaondoka mbili, ikabaki 1. Jumatano Mariners wakafika ushindi 89, Houston dari yao ikiwa haizidi 89, na biashara ikaisha mechi 4 kabla ya msimu kwisha. Ndio usiku ambao Cal Raleigh, mdakaji wao, yaani anayedaka mipira ya mrushaji, alifikisha homurani 60 (mapigo yanayopeleka mpira nje ya uwanja), jambo ambalo hakuna mdakaji aliyewahi kulifanya kabla yake.

Kama unadhani sheria hii ya kulingana ni ya makaratasi tu, waulize Houston. Walimaliza msimu huohuo na ushindi 87, sawasawa na Detroit, wakigombea nafasi ya mwisho ya ligi. Detroit walikuwa wamewafunga zaidi walipokutana, basi Detroit wakaingia na Houston wakaenda nyumbani bila kurusha mpira mmoja wa ziada.

Namba hii haipandi. Timu yako ikipoteza na mpinzani akishinda, inasimama palepale, kinachopungua ni siku tu. Kwa sababu hiyo namba ya 10 ikiwa zimebaki mechi 25 ni raha, na namba ya 10 ikiwa zimebaki mechi 8 ni ugonjwa wa moyo. Mtu akikutajia namba, muulize mara moja: zimebaki mechi ngapi? Na akikutajia mwezi wa Julai, mpe chai na ubadilishe mazungumzo. Mwanzoni mwa Julai 2025 Detroit waliiongoza Cleveland kwa zaidi ya mechi 15, na ubingwa wa kanda yao ukachukuliwa na Cleveland.

Sasa wale wazee waliocheka. Usiwaonee uchungu, maana kicheko chao kina historia. Klabu ilianza 1977 na haikumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko kupoteza mpaka 1991. Mtoano wa kwanza ulikuja 1995, na namna ulivyokuja ndiyo iliyowaharibu watu wa Seattle kwa uzuri. Tarehe 2 Agosti mwaka ule Mariners walikuwa mechi 13 nyuma ya Angels. Ken Griffey Jr., nyota wao, alikuwa nje tangu Mei kwa kuvunjika kifundo cha mkono. Kisha Angels wakaanza kuporomoka, Griffey akarudi, na timu mbili zikamaliza zimelingana, ushindi 78 kwa 78. Ile mechi ya ziada niliyokuambia imefutwa ilichezwa tarehe 2 Oktoba, ndani ya Kingdome, uwanja wa zege wenye paa ambao ulikuwa ukirudisha kelele mpaka masikio yanaziba. Randy Johnson, mrushaji wao, alirusha mechi nzima peke yake. Katika awamu ya 7 Luis Sojo aligonga mpira ukapita chini ya mikono ya watu upande wa kulia, ukabiringika pembeni, na kabla Angels hawajatulia wote waliokuwa kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wamefika besi ya nyumbani ambako alama inahesabiwa, na Sojo mwenyewe nyuma yao. Iliisha 9-1.

Siku sita baadaye, dhidi ya Yankees wa New York ambao walikuwa wamewafunga mechi mbili za kwanza, Edgar Martinez alipiga mpira wa awamu ya 11 uliomwezesha Griffey kukimbia kutoka besi ya kwanza hadi nyumbani bila kusimama. 6-5. Waliopata kuwa hapo hawajaacha kusimulia. Kombe hawakulichukua, walitolewa na Cleveland hatua iliyofuata. Lakini fikiria hili: Septemba hiyohiyo wapiga kura wa kaunti ya King walikuwa wameikataa kodi ya kujenga uwanja mpya, kwa kura chache, na kulikuwa na hofu ya kweli ya timu kuhama mji. Oktoba bunge la jimbo likaitwa kikao maalumu na kupitisha fedha. Uwanja unaokwenda na mwanao leo ulifunguliwa Julai 1999. Ukiniuliza mimi, kufuzu kule kwa ushindi 79 ndiko kulikoiacha timu mjini.

Linganisha na 2001. Ushindi 116, rekodi ya msimu mmoja wanayoshirikiana na Chicago Cubs wa 1906. Ichiro Suzuki, mwaka wake wa kwanza Marekani, akatajwa mchezaji bora wa ligi. Ubingwa wa kanda waliuthibitisha tarehe 19 Septemba, siku nane baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Wachezaji walitoka uwanjani na bendera, wakapiga magoti kwenye kilima cha mrushaji, hakukuwa na mvinyo wa kumwagiana. Oktoba Yankees wakawatoa kwa mechi 4 kwa 1. Kisha ukame.

Ukame wenyewe ulikuwa wa misimu 20, kuanzia 2002 hadi 2021, na haukuwa wa timu mbovu peke yake. Mwaka 2002 walishinda mechi 93 na hawakuingia. Mwaka 2003 wakashinda 93 tena, hawakuingia. Mwaka 2014 na mwaka 2021 walitolewa siku ya mwisho kabisa ya msimu. Félix Hernández aliwarushia tangu 2005 hadi 2019, miaka yote hapohapo, akarusha mechi kamilifu, yaani bila mpinzani hata mmoja kufika besi, mwaka 2012, na akaondoka hajawahi kukanyaga mtoano hata siku moja. Mtoto aliyezaliwa 2001 alimaliza shule na kuanza kazi hajui mechi ya Oktoba inafananaje. Wakati huo ilikuwa njaa ndefu kuliko ya timu yoyote katika ligi nne kubwa za Amerika Kaskazini.

Basi Ijumaa tarehe 30 Septemba 2022, nyumbani, dhidi ya Athletics, wakati huo wa Oakland. Matokeo 1-1, awamu ya 9, wapigaji wawili wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu inaisha. Kocha anamtoa Raleigh benchi aende kupiga badala ya mwenzake. Hesabu inafika 3-2, yaani rusha moja linaamua. Mpira ukapaa upande wa kulia, karibu na nguzo ya mpaka, uwanja mzima ukasubiri kama utaingia ndani au nje. Uliingia ndani. Namba ikawa sifuri, na watu wazima wakakumbatiana na wasiowajua. Mwaka 2021 walishinda mechi 90 wakakosa. Mwaka 2022 walishinda mechi 90 wakapita. Ushindi uleule, dari tofauti.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye lile la Jumanne na Jumatano. Kufuzu mwaka 2022 kulipitia mlango wa pili, usio wa bingwa wa kanda. Wanaopita mlango huo wanaanza na raundi fupi ya kushinda mechi 2 kati ya 3, na mwenye nafasi ya chini anachezea zote ugenini. Mariners walikwenda Toronto. Walishinda ya kwanza, ya pili wakawa nyuma mpaka 8-1, kisha wakageuza wakashinda 10-9. Kama wangetolewa kule, mji uliosubiri miaka 21 usingeona mechi hata moja ya mtoano kwa macho yake. Ya kwanza nyumbani ilichezwa 15 Oktoba, ikaenda awamu 18, Houston wakashinda 1-0. Mwaka 2025, kwa kuchukua kanda na kuwa na rekodi ya pili kati ya mabingwa, waliruka raundi fupi na wakaanzia nyumbani. Jumatano ilifungua njia ya mapumziko na mechi za nyumbani. Jumanne haikuwa imeifungua.

Sasa swali lako zito: pana maana gani kushangilia? Jibu langu ni kwamba panapofaa kushangilia zaidi ni hapo, kuliko hata Oktoba. Chukua timu nzuri kweli, yenye nafasi 55 kati ya 100 kushinda kila mechi inayocheza kwenye mtoano. Kwenye mfululizo wa mechi 5 itapita takriban mara 59 kati ya 100. Kwenye mfululizo wa mechi 7, mara 61. Ili ichukue World Series, fainali ya kombe lenyewe, ikianzia pale Mariners walipoanzia, ishinde mfululizo mmoja wa 5 na miwili ya 7. Ukizidisha, inabaki kama 22 kati ya 100. Timu bora kuliko kila mpinzani wake, na bado mara nyingi inatoka bila kombe! Mechi 162 zinamchuja asiyefaa. Mfululizo wa wiki moja hauna muda huo. Unaamuliwa na mpira mmoja uliorushwa katikati. Oktoba 2025 waliitoa Detroit kwa awamu 15, wakaongoza Toronto mechi 3 kwa 2, na katika mechi ya 7 walikuwa mbele 3-1, wamebakiza kuwatoa wapigaji 8 waende World Series kwa mara ya kwanza katika historia yao. George Springer wa Toronto akapiga homurani ya watu watatu. 4-3. Hiyo haifuti Septemba. Wazee wanaosema “zoea” wanasema kweli kuhusu Oktoba, lakini wanajinyima Septemba bure, na mimi sikubaliani nao.

Tikiti. Usinunue kwa sababu namba imefika 5 na bei inapanda kwenye kurasa za wanaouza tena. Kwanza jua mlango. Timu ikielekea mlango wa pili, huenda isicheze nyumbani hadi raundi inayofuata, au isicheze kabisa. Ikimaliza bingwa wa kanda na kuwa kwenye rekodi mbili za juu kati ya mabingwa, mechi ya kwanza na ya pili za mfululizo wa 5 ni za nyumbani kwa hakika. Ya 5 ni ikilazimu. Kwa mtoto wa miaka 11 ningenunua ya kwanza au ya pili, kutoka kwa klabu yenyewe, na ningesoma masharti ya kurudishiwa fedha mechi isipochezwa, hasa ile sehemu ya ada za huduma. Kama maandishi yanakuchanganya, nenda dirisha la tikiti pale uwanjani ukaulize ana kwa ana kabla hujatoa kadi. Na kama pesa ni ya kubana, mpeleke Jumanne ya Septemba namba ikiwa 2 au 3. Bei ni nyepesi, na nakuhakikishia kelele ni zilezile.

Dau, hapana. Kwanza sheria: jimbo la Washington limeruhusu kubeti michezo ndani ya kasino za makabila ya wenyeji, si kwa programu ya simu ukiwa sebuleni Kent. Pili, umeshaona mwenyewe timu bora inavyotoka mara 78 kati ya 100. Na ukijikuta umeshaanza, unafidia ya jana kwa ya leo, au umegusa kodi ya nyumba, hapo mtu wa takwimu hakusaidii. Nenda kamwone mshauri wa tatizo la kamari, wapo na wengi ni bure, au anza na daktari wako wa kawaida.

Mtoto aliyelia usiku wa mechi ya 7 ni mtoto mwenye afya, wala usimkataze. Usimwambie ni mchezo tu, anajua. Kama wiki zinapita hali chakula vizuri, hapati usingizi, hataki shule, basi si Springer tena, na inafaa azungumze na mshauri wa shule au daktari wa watoto. Lakini kwa unavyoeleza, huyu anataka tu kujua kama wewe nawe uliumia.

Septemba ikifika, bandikeni karatasi kwenye friji. Safu ya kushoto ushindi wa Mariners, safu ya kulia mechi alizopoteza yule anayewafuata au kuwakimbiza. Mtoto ajumlishe zote mbili, atoe kwenye 163, au kwenye 162 kama Mariners wamemfunga mpinzani huyo mara nyingi zaidi mwaka huo. Ikiwa mpinzani ni Houston na wanacheza kwao, muanze na safu ya kulia: saa yao iko mbele ya yenu kwa saa mbili, mechi yao ya usiku kwenu inaanza saa 11 jioni, na mara nyingi utajua dari imeshuka wakati Mariners bado wako awamu ya 4 au ya 5.